Naombeni ushauri wakuu, nina netsuke ya Kijapani nadhani ni Daruma

Habari zenu wakuu. Niko London, kuna bibi wa Kiingereza nilikuwa namhudumia nyumbani kwake, amefariki na watoto wake wakanipa kisanamu chake kimoja kama kumbukumbu. Ni netsuke, zile walizokuwa wanavaa Japani enzi za Edo, kamba ya kifuko inapita nyuma ya mkanda halafu netsuke inaizuia juu isichomoke, maana kimono haina mifuko. Kinaenea kiganjani kabisa, mgongoni kina vitundu viwili vya kamba na kimoja kimelainika kwa kusuguliwa.

Aliyechongwa ni mzee wa ndevu, macho yamemtoka, kajifunika shuka mpaka kichwani na miguu haionekani. Mi nasema ni Daruma, yule mtawa wa Kibudha anayesimuliwa alikaa anatazama ukuta miaka 9 mpaka miguu ikaisha, na kope akazikata asisinzie. Jamaa yangu anabisha eti ni rakani, wale wanafunzi wa Budha, ila rakani si mara nyingi wanamuweka na bakuli au joka?

Kinachonitesa zaidi, nimekipiga lenzi kwa chini nikaona mistari inapishana kama wavu, sio vidoti vyeusi vya mfupa, kwa hiyo nahofia ni pembe ya ndovu. Desemba nakuja Tanga, nilitaka mama akione, je nije nacho au nitafute kibali kwanza? Na uchafu wa kwenye mikunjo nisafishe na nini jamani, au niuache? Yule bibi alikuwa anakishika kila jioni, sitaki kukiharibu.