Naomba ushauri: safari ya siku tatu na binti yangu kwenye mashua ndogo ya tanga isiyo na sitaha

Tanga_Moja ameandika:

Habari zenu wakuu.

Nina mashua ya tanga yenye urefu wa mita 4.5. Iko wazi kabisa, haina sitaha wala kibanda. Tanga ni moja la foromali (mti wa juu unaoshikilia tanga), makasia mawili, na katikati kuna ule ubao wa kushusha majini unaozuia chombo kisisukumwe ubavuni. Nimeiendesha miaka miwili sasa, lakini zote ni safari za kutoka asubuhi na kurudi jioni.

Binti yangu ametimiza miaka 14 na ameniomba twende siku tatu, usiku mbili, tukifuata ufuo na kulala hukohuko. Usukani anaushika vizuri na kuogelea ananishinda. Mama yake amekubali kwa sharti moja: nimwandikie karatasi inayoeleza tutafanya nini mambo yakiharibika. Nimekaa na karatasi hiyo siku nne na nimeandika mistari miwili tu. Hapo ndipo nilipoona bora niulize wenye uzoefu.

Tulale chomboni au nchi kavu? Mizigo ipangwe vipi? Na kwa siku nipange umbali gani? Huku maji hujaa na kupwa, siku za bamvua (maji makubwa) tofauti inafika mita 3.

Natanguliza shukrani.

NahodhaMstaafu:

Ndugu yangu, kabla ya yote nijibu hili: umewahi kuipindua hiyo mashua kwa makusudi, ikiwa na mizigo ile ile utakayosafiri nayo?

Nauliza kwa sababu mashua tupu na mashua ya safari ni vyombo viwili tofauti. Ya safari imetulia zaidi, haiyumbi ovyo, na ndiyo inayokudanganya. Ikipinduka ni nzito, imejaa maji, na vitu vinaelea huku na huko. Kama hujajua ukiwa karibu na ufuo kwamba nyinyi wawili mnaweza kuisimamisha, kupanda na kufua maji mpaka ikauke, huna cha kumwandikia mama wa mtoto.

Fanyeni siku ya utulivu, maji ya kifuani, na mtu wa tatu amesimama ufuoni. Majaketi okozi mwilini, si chini ya ubao wa kukalia. Kisha uje utuambie kilichotokea.

Kasia_Mbili:

Nafuatilia huu uzi, nina mpango kama huo.

Upepo_wa_Ubavuni:

Mkuu Tanga_Moja, usiogope kupita kiasi. Mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye alitoka Uskoti hadi Iceland kwa mashua ya wazi aina ya Wayfarer, chini ya mita 5, yeye na mwenzake mmoja. Mwaka uliofuata akaenda Norway kwa chombo hichohicho. Wewe unafuata ufuo siku tatu tu.

NahodhaMstaafu:

Ndugu Upepo, taja na yaliyowakuta kwenye hiyo safari ya Norway. Walikumbwa na dhoruba kali, wakapinduka zaidi ya mara moja, mlingoti ukavunjika. Walifika kwa sababu kila mara waliweza kuiinua na kuifua maji, na walikuwa na nanga ya maji (kitu kinachoburutwa majini bila kugusa chini) ya kuielekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye mawimbi. Sisemi asiende. Nasema huyo mtu tunayemtolea mfano ndiye ushahidi wa hilo jaribio ninalomwomba alifanye.

Bi_Ngama:

Kaka, mimi nijibu la kulala, maana lilinifundisha kwa usiku mmoja.

Mara ya kwanza tulilala chomboni, mimi na mume wangu. Tulitia nanga jioni maji yakiwa yamejaa, tukatandika, turubai juu ya foromali, pazuri mno. Saa nane usiku tukapwelewa, maji yakatuacha chini. Hilo tulilitarajia, tulichokosa kukitarajia ni jiwe moja chini ya ubavu. Chombo kikalala upande, madumu ya maji yakateleza kuelekea hukohuko na kukizidisha, na sisi tukakaa tumeshikilia ukingo hadi alfajiri. Hofu yenyewe ilikuja maji yalipoanza kurudi. Ubavu ulioinama ulikuwa upande wa bahari, na kila kijiwimbi kilimwaga maji ndani kabla chombo hakijaanza kuelea.

Tangu hapo nina utaratibu. Kama nitapwelewa, nafika mahali hapo maji yakiwa yamepwa, nashuka kwa miguu na kupakagua kwa macho na nyayo. Mchanga mtupu au tope laini, sawa. Changarawe sitaki, vijiwe huingia kwenye kasha la ule ubao wa katikati, pale unapopandia na kushukia, na asubuhi haushuki.

Na kwa mtoto wa miaka 14, usiku wa kwanza ningelala nchi kavu.

Fundi_Mbao:

Dada amesema vizuri, ila nchi kavu nako kuna mtihani wake. Mashua ya mita 4.5 yenye mizigo watu wawili hawaiburuti juu ya mchanga. Ukiiacha ukingoni mwa maji na siku zinaelekea bamvua, maji ya usiku yatapanda juu kuliko ya mchana na yataichukua. Nimeshuhudia mtu akiogelea saa kumi alfajiri kufuata chombo chake.

Suluhisho ni kamba ya mzunguko. Tia nanga nje kwenye kina, juu yake weka boya lenye kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba). Pitisha kamba ndefu kwenye kapi, ncha zote mbili zirudi ufuoni, uziunge ziwe duara moja. Funga omo ya mashua kwenye duara hilo. Ukivuta upande mmoja chombo kinakwenda nje, ukivuta mwingine kinarudi kwako. Mnalala kwenye hema, chombo kinaelea, na hakuna anayelowa.

Urefu wa kamba ya nanga: wengi hukosea kwa kupima kina cha wakati ule. Hesabu kina cha maji yakijaa. Mahali penye mita 2 maji yakipwa, kwako patakuwa na mita 5 siku ya bamvua. Zidisha kwa 5, uachie kamba ya mita 25, na upepo ukiwa mkali zidisha kwa 7. Mbele ya kamba weka mita chache za mnyororo ili nanga ilale chini na kuuma. Halafu kumbuka kwamba maji yakipwa, kamba hiyo ndefu inakipa chombo duara kubwa la kuzunguka. Mwamba ulio mita 20 pembeni unahusika.

Kasia_Mbili:

Samahani kuingilia, hayo maji yanapanda kwa kasi ileile saa zote sita?

Fundi_Mbao:

Hapana. Gawa tofauti yote mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3 za huyu mkuu, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, lakini ya tatu ni sentimita 75. Hapo katikati ndipo mkondo nao unakuwa na nguvu zaidi, hasa kwenye rasi na midomo ya hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu). Ni makadirio, mahali pengine ufuo hubadili mambo, ila yanatosha kupangia.

Tanga_Moja:

Wakuu, nimerudi. Jumamosi tulifanya jaribio, shemeji yangu akiwa ufuoni. Naeleza yote kwa sababu nimeshtuka.

Tulipakia madumu, mabegi yasiyoingiza maji, hema, kila kitu kimefungwa. Kuipindua ilitugharimu jasho, kama Nahodha alivyosema, imetulia. Kuisimamisha haikuwa kazi kubwa, nilikanyaga ule ubao wa katikati na ikaja. Lakini ilisimama ikiwa imejaa hadi karibu na ukingo. Binti akapanda, akaanza kufua kwa ndoo. Anafua, maji hayapungui. Dakika kumi na tano, hayapungui. Kisha yeye ndiye aliyeona: maji yalikuwa yanaingia kwa juu ya kasha la ubao, kwa kasi ileile anayoyatoa.

Kama hilo lingetukuta kilomita mbili kutoka ufuoni tungefua mpaka tukaishiwa nguvu. Miaka miwili naiendesha na sikujua. Safari nimeisimamisha kwanza. Nifanye nini?

Fundi_Mbao:

Pole mkuu, na hongera kwa kujaribu kabla. Hicho ndicho kinachoziua mashua nyingi za aina hii. Ikijaa, mdomo wa kasha unakuwa chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo unafua bahari yenyewe.

Dawa ni mbili na zifanye zote. Kwanza, ongeza vya kuelea ili chombo kilichojaa kikae juu zaidi: mifuko ya hewa, au mapipa madogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, yafungwe kwa mikanda chini ya mbao za kukalia na ubavuni. Mkanda uwe imara kweli. Pipa la lita 30 lililo chini ya maji linavuta juu kwa nguvu karibu ya kilo 30, kamba ya kuanikia nguo itakatika. Pili, tengeneza kizibo cha mdomo wa kasha. Kitambaa kizito kilichokatwa kwa kipimo, kimening'inizwa hapohapo kwa uzi, kinapunguza sana.

Angalizo: vya kuelea vikiwa vingi ubavuni, chombo kilicholala kinaelea juu mno na kinapenda kugeuka kabisa, mlingoti chini. Weka kiasi kwenye omo na tezi (nyuma ya chombo) pia, na kileleni mwa mlingoti funga boya dogo.

Madumu ya maji ya kunywa yaliyojaa hayakuinui wala hayakuzamishi ukipinduka, lakini ukisafiri ni farumi nzuri, uzito wa kukituliza chombo. Yaweke chini kabisa, katikati, yafungwe.

Bi_Ngama:

Na muweke kitanzi cha kamba tezi cha kukanyagia wakati wa kupanda. Ukiwa umechoka na nguo zimelowa, ukingo wa chombo unakuwa mrefu ajabu.

Maji ya kunywa nabeba lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na siku moja ya ziada. Kwenu ni lita 32, kilo 32. Kwa uzito huo utaona kwa nini nguo za kubadilisha zinatosha seti moja, ila hiyo moja iwe kwenye begi lake peke yake na isiguswe mpaka mfike.

Kupika, fanyeni ufuoni. Gesi ya jiko ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini chomboni na haiendi popote. Na chini ya turubai lililofungwa jiko linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

NahodhaMstaafu:

Umbali: panga kilomita 20 kwa siku, zisizidi 25. Mashua ya urefu wako mwendo wake wa kawaida ni kilomita 5 hadi 7 kwa saa, na ukipiga bisha dhidi ya upepo, yaani kwenda mshazari huku na huku, njia inakaribia kuwa mara mbili. Makasia yatakupa kama 3. Kila siku weka mahali pawili pa kukimbilia kabla ya pale unapoelekea.

Upepo: utabiri ukisema zaidi ya kilomita 28 kwa saa, kaeni. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi vimetapakaa kila upande umeshafika huko. Punguza tanga ukiwa bado kwenye maji ya utulivu, kabla ya kuizunguka rasi, si baada ya kuizunguka. Binti ajue kutua tanga peke yake na kufunga chombo bila wewe kusema neno, kwa sababu anayeanguka majini anaweza kuwa wewe.

Karatasi ya mama yake sasa inaandikika. Rangi ya chombo na ya tanga, mtaondoka saa ngapi, mtalala wapi, mtampigia saa ngapi kila jioni. Na saa ambayo asipokusikia anawaita waokoaji, iandike kwa tarakimu. Usimwachie aamue mwenyewe akiwa na hofu. Redio ya baharini ikiwepo, wito wa dharura ni chaneli 16.

Tanga_Moja:

Wiki tatu baadaye, naleta mrejesho.

Nimefunga mapipa sita, boya la mlingotini, kizibo cha kasha na kitanzi tezi. Tumeipindua mara nne. Mara ya mwisho mdomo wa kasha ulibaki vidole vinne juu ya maji, na binti akafua peke yake kwa dakika tisa mimi nikiwa nimeshikilia tezi majini. Alipomaliza alinivuta ndani kwa jaketi. Karatasi ameiandika yeye, kurasa mbili, mama yake ameisoma na kuuliza swali moja tu kuhusu chaji ya simu.

Tumeamua tuanze na usiku mmoja, nchi kavu, kamba ya mzunguko. Maji yatakuwa mafu wiki hiyo, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Tunang'oa nanga Ijumaa asubuhi.

La mwisho: tukichelewa na giza likatukuta, nahitaji taa gani?

NahodhaMstaafu:

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka chombo cha tanga kilicho chini ya mita 7 kiwe na taa za ubavuni na ya tezi kama inawezekana. Isipowezekana, kiwe na tochi au taa nyeupe iliyo tayari kuoneshwa mapema. Beba tochi mbili zisizoingiza maji, moja shingoni mwake na moja shingoni mwako, na ukisikia injini mmulike tanga lenu, linaonekana mbali kuliko tochi yenyewe.

Mkifika Jumamosi, andika hapa.