Mrejesho: Wanafunzi wangu Wachina na kitenzi “borrow”

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini wanafunzi wangu Wachina husema “Can you borrow me your pen?” wanapoomba kupewa kalamu, ilhali Kiingereza hutumia “lend” kwa anayetoa na “borrow” kwa anayepokea. Nawashukuru kwa dhati, kwani majibu yenu yamenisaidia sana darasani.

Kama mlivyoeleza, Kichina kina kitenzi kimoja, “jiè”, kinachobeba pande zote mbili za jambo hili, sawa na “kuazima” kwetu. Sentensi “wǒ jiè tā yī běn shū” yaweza kumaanisha kwamba nimemwazima kitabu, au kwamba nimekiazima kutoka kwake. Wanapotaka kuondoa utata, huongeza “gěi” (kupa) baada ya kitenzi kwa anayetoa, au hutanguliza “gēn” ama “xiàng” (hapa ni kama “kutoka kwa”) kabla ya jina la mwenye mali kwa anayepokea.

Hapo ndipo nilipoanzia: “jiè gěi” niliiunganisha na “lend”, na “gēn… jiè” nikaiunganisha na “borrow… from”, nikasisitiza kwamba “from” ifundishwe pamoja na kitenzi tangu mwanzo. Naamini njia hii ni bora kuliko kukariri maana kutoka kwenye kamusi, kwa sababu mwanafunzi hujengea juu ya tofauti ambayo tayari anaijua katika lugha yake.

Limebaki jambo moja: wengine bado huomba “to borrow the toilet”, kwa kufuata “jièyòng” (kuazima ili kutumia) ya Kichina. Kwa kitu kisichohamishika kama choo, nawafundisha kutumia “use”.