Cub haina transponda na Dallas/Fort Worth iko pale pale, hii imekaaje?

Mnyakyusa_Texas:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Texas, leseni ya urubani ninayo ila nimezoea Cessna 172. Sasa kuna mzee mmoja wa kizungu anauza nusu hisa ya Piper J-3 Cub, zile za njano za kizamani, injini farasi 65, starta hakuna unazungusha pangaboi kwa mkono, geji ya mafuta ni waya tu unachomoza kwenye mfuniko wa tenki mbele ya kioo, ukiona waya unazama ujue mafuta yanaisha 😂 Haina mfumo wa umeme kabisa kwahiyo transponda (kile kifaa kinachojibu rada) hakuna, ADS-B (inayotangaza uko wapi kwa GPS) hakuna, redio ni ya mkononi. Shida ni uwanja anaoiweka uko ndani ya maili 30 za DFW, ule uwanja mkubwa wa Dallas/Fort Worth, na mimi nilifundishwa humo bila transponda ya Modi C (inayotuma na kimo chako) huingii. Mzee anasema halali kabisa. Ananipiga fix?

Kapteni_Mstaafu:
Hakupigi fix mkuu. Soma kanuni ya 91.215 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ndege ambayo haikutoka kiwandani na umeme unaozalishwa na injini, pamoja na maputo na glaida, zimesamehewa humo ndani ya duara la maili 30, ILA ubaki nje ya Klasi B yenyewe (anga inayoongozwa ya viwanja vikubwa kabisa) na Klasi C (ya viwanja vya kati), na usipande juu kupita dari ya Klasi B au futi 10,000, ipi iko chini. ADS-B iliyoanza kulazimishwa 2020 nayo ina msamaha huo huo. Yaani unapita chini ya zile ngazi za Klasi B (sakafu yake inapanda kadri unavyokuwa mbali na uwanja), sio ndani. Ingekuwa Washington DC hapo sahau, kule msamaha huo haukusaidii.

Bibi Rada:
Sawa sheria inaruhusu lakini mwambieni na upande wa pili jamani. TCAS ya ndege kubwa, ule mtambo wa kuonya kugongana, inaiuliza transponda yako, kama huna hakuna wa kujibu, rubani wa Boeing haoni kitu wala hasikii kengele. Rada ya chini ikikunasa utakuwa doti isiyo na kimo, mwongoza ndege hajui uko futi 1,500 au 5,000. Tarehe 31 Agosti 1986 Cerritos karibu na Los Angeles, Piper ndogo iliingia kwenye anga ya uwanja wa LAX bila ruhusa, transponda ilikuwa nayo ila haitoi kimo, ikagongana na DC-9 ya Aeromexico iliyokuwa inashuka. Watu 82 walikufa, 15 kati yao walikuwa chini wako makwao Jumapili. Hizo sheria za Modi C na TCAS unazoziona zilikazwa baada ya hapo. Kwahiyo ukikosea mpaka wa Klasi B kidogo tu na Cub hakuna mtambo wa kukuokoa.

Wilson_Boy:
Hapa Nairobi mambo ni yale yale tu bro, Wilson ina ndege za wanafunzi zinazunguka na Dash 8 za abiria zinapaa hapo hapo, na JKIA iko jirani. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 juu ya Nairobi National Park, wawili wa Cessna wakafariki, Dash 8 ikarudi salama. Mi naona redio uiongee sana, useme uko wapi na kimo gani hata kama hakuna aliyekuuliza.

Mnyakyusa_Texas:
Asanteni sana. Sasa swali la nyongeza, mzee ana mpango wa kufunga alternata ndogo ili aweke taa na starta, hiyo si ndio afadhali?

Kapteni_Mstaafu:
Hapo ndipo penye mtego! Ikishaidhinishwa na umeme wa injini msamaha unakufa, itabidi muweke transponda NA ADS-B la sivyo hamruki hapo bila kuomba ruhusa kwa ATC (waongoza ndege), na kama ndege haina transponda kabisa mnaomba angalau saa moja kabla. Piga hesabu ya mkwanja huo kwanza. Na kabla hujalipa senti omba logibuku zote uzipitie, hizo Cub ni za miaka ya 30 na 40, zimepita mikono mingi, huenda kuna mtu alishafunga jenereta zamani.

Bibi Rada:
Na fomu za 337 pia, marekebisho makubwa yanaandikwa humo.

Mnyakyusa_Texas:
Namuona Jumamosi, nitazipiga picha niweke hapa.