Apu ya mfano ya ExoPlayer: video zao zinacheza, yangu inagoma

kodi_na_chai
Wakuu salama? Nataka kutengeneza apu ya kuchezea video, nikaona nianze na ile ya mfano ya ExoPlayer (maktaba ya kuchezea video kwenye Android) niichokonoe. Video za kwenye listi yao zinacheza freshi, ila nikiongeza yangu iliyoko kwenye seva ya kompyuta hii hii, yaani http://localhost:8080/harusi.mp4, inaleta ujumbe wa cleartext halafu inajifunga. Natumia emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta). Halafu bildi (toleo la kujenga apu) ya withDecoderExtensions ndo haijengeki kabisa. Msaada jamani, bando linaisha.

mzee_wa_gradle
Mkuu, hiyo kodi ya apu umeitoa wapi? Kama ni repo ya google/ExoPlayer achana nayo, iliishia 2.19.1, kazi yote ilihamia Media3, maktaba iliyoirithi, kule androidx/media. Na bildi chagua noDecoderExtensionsDebug, hiyo nyingine inataka uanze kujijengea dikoda (vifumbuzi vya video na sauti) za ziada kama FFmpeg na wenzake kwa NDK, zana za kujenga kodi ya C/C++ ya Android, kujitafutia presha tu, harusi yako ni mp4 ya kawaida na simu ina dikoda yake.

bi_pixel
Hapo kuna mawili kaka. Kuanzia Android 9 http isiyo na s (ndo hiyo cleartext) imezuiwa, kwa hiyo kwenye manifesti, ndani ya application, weka android:usesCleartextTraffic="true" (ya majaribio hiyo, usije ukaipeleka Play Store hivyo hivyo). Ukipita hapo bado itagoma, maana localhost ndani ya emuleta ni emuleta yenyewe, kompyuta yako inaitwa 10.0.2.2.

kodi_na_chai
Dada ubarikiwe, imecheza! Ila picha inakwama kwama na kuna rangi za kijani, sauti iko poa.

mzee_wa_gradle
Emuleta hizo, usizihukumie video, mambo ya dikoda wanayaiga iga tu. Chomeka simu kwa waya, kwenye kompyuta piga adb (zana ya kuamuru simu) hivi: adb reverse tcp:8080 tcp:8080, hapo ile localhost yako ya mwanzo itafanya kazi kwenye simu bila kubadili kitu. Na sio lazima kila video mpya uhariri media.exolist.json (faili la listi ya video) halafu ujenge upya, tuma hivi:

adb shell am start -a androidx.media3.demo.main.action.VIEW -d http://localhost:8080/harusi.mp4

bi_pixel
Na ukianza apu yako mwenyewe ukataka m3u8 (video za HLS), ongeza media3-exoplayer-hls kwenye faili la gradle, wengi wanaweka media3-exoplayer na media3-ui tu halafu wanakuja kulia humu.