Darasa la sita, watoto 90, mpira mmoja: kipindi cha michezo nakiendeshaje?

Mwl_Filimbi:
Wakuu, salaam. Nafundisha shule ya msingi ya serikali, Dodoma vijijini. Kipindi cha michezo ni dakika 40, watoto 90, mpira mmoja wenye viraka. Nikiutoa tu, wavulana wachache wanauteka, wengine wanakaa chini ya mwarobaini kupiga soga. Mabinti ndio hawainuki kabisa. Mwenzangu wa Hisabati naye kila wiki ananiomba kipindi, eti sisi "tunacheza tu". Nifanyeje wote washiriki?

Chaki Mfukoni:
Anayekaa mzungushe uwanja mara tano. Kesho atacheza.

Kocha wa Chandimu:
Mkuu Chaki, hapo mtoto anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu. Wiki ijayo utamwambiaje ni raha?
Mwl. Filimbi, watoto wako si wavivu, hawana cha kufanya. Kandanda inachukua 22. Hao 68 wafanye nini? Gawa uwanja kwa majivu, vituo vinne: chandimu ya wanne kwa wanne na magoli ya matofali, rede, kuruka kamba, mbio za kupokezana vijiti. Dakika tano za kuita majina na kupasha misuli, kisha saba saba kila kituo, filimbi ikilia wanahama. Zinabaki saba za kunawa. Mipira ya soksi na matambara waje nayo wenyewe, hapo wana ufundi kutuzidi. Ndani ya kituo nako vunja vikundi, maana foleni ikizidi watoto watano mchezo umekufa.

Chaki Mfukoni:
Vituo vinne, mwalimu mmoja? Labda shule za kulipia.

Kocha wa Chandimu:
Viranja, mkuu. Wape sheria jana yake wakati wa mapumziko. Mwalimu asimame anapoviona vyote.

Mama Netiboli:
Kuhusu mabinti, mwalimu wangu, usianze kwa kulazimisha. Wanarukaje na sketi mbele ya wavulana wanaowacheka? Darasa la sita wengine wameshavunja ungo. Kwetu tuliruhusu suruali ya michezo chini ya sketi, na aliye kwenye siku zake anamwambia mwalimu wa malezi, haulizwi mbele za watu. Tena rede msiiache kama ya mtaani. Kule aliyepigwa na mpira anatoka, na anayetoka wa kwanza ni yuleyule mzito aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Akipigwa, ashike mpira arushe.

Jirani wa Uwanja:
Na msigeuze kipindi kuwa mazoezi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Timu ikutane jioni.

Mwl_Filimbi:
Asanteni. Nina mtoto mwenye ulemavu wa mguu, kila mara namwachia kushika saa tu.

Kocha wa Chandimu:
Arushe kwenye rede, kurusha hakuhitaji mbio. Muulize mwenyewe kwanza, huenda ana lake. Na huyo wa Hisabati mwonyeshe andalio la somo lenye sahihi ya mwalimu mkuu, bila hivyo kipindi kitaliwa kila wiki.

Mwl_Filimbi:
Majivu nitaomba kwa mpishi wa uji. Ila suruali, dada Netiboli, mwalimu mkuu wetu ni mkali wa sare.

Mama Netiboli:
Pitia kwa akina mama wa kamati ya shule kwanza. Wakiipeleka wao kikaoni, hatakuwa na la kusema.