Uzi wa malalamiko: redio ya chuo imegeuza hisani kuwa kiingilio cha wimbo wako kuchezwa

Wadau, leo sina salamu ndefu. Kama una mdogo wako, binamu au jirani anayeimba hapa Nairobi na ameambiwa na redio fulani ya chuo kwamba wimbo wake "umechaguliwa", mwambie aulize kwanza umechaguliwa kwa kazi gani. Utachezwa hewani, ama yeye ndiye atakayetumwa kuuza tiketi?

Sitaitaja redio wala chuo. Wanaosoma pale washajua, na wanaoiendesha wamo humu humu jukwaani kwa majina ya bandia. Karibuni sana.

Mimi ni prodyusa. Nina studio ya chumba kimoja huku Kayole, trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni, na wateja wangu wengi ni vijana ambao hawajawahi kusikika popote. Wa arbantone, wa drill, wa injili, na siku hizi wasichana kadhaa wa gitaa ambao sauti zao zilistahili chumba kizuri kuliko hiki. Wimbo ukishaiva, swali huwa lile lile: "Sasa prodyusa, tunaupeleka wapi?" Stesheni kubwa za FM hazina haja nawe mpaka uwe na jina, na jina hulipati mpaka zikucheze. Ethic, wale vijana wa Umoja, walipovuma 2018 walibebwa na YouTube na matatu, redio zikaja kudandia gari likiwa tayari barabarani.

Ndiyo maana redio ndogo zina maana kwetu. Koch FM ilizaliwa Korogocho, Pamoja FM ikazaliwa Kibera, kwa sababu watu wa mtaa walitaka kujisikia wenyewe hewani. Redio ya chuo nayo ilipaswa kuwa na uhuru wake: wanafunzi wanaojifunza utangazaji, hawana mwenye tangazo wa kumwogopa, wanacheza wimbo kwa sababu umewaingia. Na hii ninayoisema iliwahi kuwa hivyo. Kuna wakati kipindi chao cha nyimbo mpya cha Ijumaa jioni kilikuwa na watangazaji wawili waliokuwa wakibishana hewani kuhusu besi na mistari mpaka unacheka peke yako kwenye matatu. Mmoja aliwahi kuuponda wimbo wangu, akasema ngoma imemmeza mwimbaji. Sikubaliani naye hadi leo, lakini alikuwa ameusikiliza wote.

Wale walihitimu wakaenda zao. Wakaja hawa.

Sasa mchezo wenyewe uko hivi. Unatuma wimbo kwa baruapepe. Kimya. Siku moja unapigiwa simu na mtu anayejiita mratibu wa vipaji, sauti tamu kama ya wakala wa ploti: hongera, umo kwenye nyimbo mpya za mwezi. Kijana anarukaruka studio nzima. Kisha mratibu anashusha sauti. Redio ina tamasha la hisani mwisho wa mwezi, mapato yatawanunulia taulo za hedhi wasichana wa shule huko Mukuru, na kila aliyechaguliwa "anathibitisha ushiriki". Kuthibitisha ni kwamba utaimba bure, nauli juu yako, nguo juu yako, na utachukua kitabu cha tiketi 20 za shilingi 300. Ambazo hazitanunuliwa utazilipia mwenyewe. Ukikataa hakuna anayekwambia hapana. Utasikia tu orodha ya mwezi huu imejaa, jaribu mwezi ujao, na mwezi ujao nao una kitabu chake cha tiketi.

Piga hesabu. Shilingi 6,000 kwa kila msanii, na mwezi mmoja orodha ilikuwa na majina 14. Hiyo ni 84,000 kabla hata lango halijafunguliwa.

Mkono mtupu haulambwi, tunajua, na kulipia wimbo uchezwe hakukuanza jana mjini hapa. Kila prodyusa ana kisa cha DJ aliyetaka "pesa ya mafuta". Lakini yule DJ akikula anajua amekula, na hata ukimkuta klabu anakwepa macho yako. Hawa wanakula kwa jina la mtoto wa shule, halafu ukiuliza wanakuhubiria.

Nina msichana mmoja wa Dandora niliyemrekodi, anasuka watu nywele mchana na kutunga nyimbo usiku. Wimbo wake unaanza na gitaa tupu, sekunde kumi na mbili hivi, halafu anaingia kwa sauti ya chini. Tulizihangaikia sana zile sekunde. Alichukua kitabu chao cha tiketi kwa furaha zote. Akauza 11, kwa wateja wake wa saluni na kwaya ya kanisa, watu ambao nauli ya kwenda kwenye tamasha ilikuwa karibu nusu ya tiketi yenyewe. Zile tisa zilizobaki akazilipa, 2,700, pesa aliyokuwa amewekea gitaa lake mwenyewe kwa maana hilo analopigia ni la kuazima.

Siku ya tamasha wakampandisha saa nane mchana, viti vitupu, fundi wa mitambo bado anajaribu spika. "Moja mbili, moja mbili," huku mtoto wa watu anaimba. Hakuna hata chupa ya maji. Maji yalikuwa kwenye meza ya wageni waheshimiwa, ambao walifika saa kumi.

Na kuchezwa je? Ulichezwa, sitasema uongo. Mara moja, karibu saa tano usiku. Mtangazaji akaongea juu ya gitaa lote la mwanzo, akakosea jina lake, akacheka mwenyewe, kiitikio kikaingia, na kabla hakijaisha wakapachika king'ora na tangazo la, mtashangaa, tamasha lijalo la hisani. Ubeti wa pili Nairobi haijausikia mpaka leo.

Mtu ataniuliza, kwani mawimbi ya redio ya chuo yanafika wapi? Hayafiki mbali. Ukipita stendi ya matatu unaanza kusikia mahubiri ya stesheni nyingine. Vijana hawaendi pale kutafuta wasikilizaji, wanatafuta ushahidi. Kale kapicha ka "umechaguliwa" unampelekea mwenye klabu, unamwekea mwandaaji wa tamasha la kaunti, unamwonyesha mama aone hukuacha shule bure. Hawa jamaa wanajua hilo, na ndicho wanachouza.

Halafu kuna mirabaha, ile pesa mwenye wimbo anayostahili kila unapochezwa. Kila aliye kwenye kazi hii amezoea yale majina matatu ya vyama vya kuikusanya: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji, PRISK kwa wanaoimba na kupiga ala. Tunalia kila mwaka kwamba pesa ni ya kununua mandazi, na vita vya nani ana leseni ya kukusanya haviishi. Sawa. Lakini hata hiyo ya mandazi huipati kama redio haiandiki ilicheza nini, saa ngapi, ya nani. Nilimwomba mtangazaji orodha ya nyimbo za juma lile. Akaniangalia. "Buda, sisi hucheza tu." Hucheza tu! Na hiki ni chuo kinachofundisha watu utangazaji na kuwapa cheti.

Tuje kwa hisani, maana hapa ndipo damu inachemka.

Sina neno na taulo za hedhi. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, lakini wanaoishi Mukuru wanajua kwamba shule nyingi kule ni za makanisa, za mashirika na za watu binafsi, kwa hivyo msichana wa pale anaweza asiguswe kabisa na sheria hiyo. Mchango unahitajika, na unahitajika kweli. Ndiyo maana ukiucheza shere unanitia hasira mara mbili.

Bango la tamasha lilikuwa na nambari ya kutuma mchango. Si ya Paybill. Si Till. Yaani si nambari ya malipo ya taasisi wala ya biashara. Nambari ya simu ya mtu. Ukituma, M-Pesa inakuletea jina la mwanafunzi fulani, siyo jina la redio, siyo la chuo wala la shule inayosaidiwa. Harambee ya mazishi kijijini ina mweka hazina, daftari, na mjomba mkali anayesoma majina kwa sauti: fulani mia mbili, fulani ameahidi. Hawa wako chuoni, wana mlezi ambaye ni mhadhiri, na daftari hawana. Nchi hii ina Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, kwa sababu watu waliotutangulia walishaona ukusanyaji wa aina hii.

Niliuliza kwa upole kwenye kundi la WhatsApp la wasanii "waliochaguliwa". Niliandika: wapendwa, tumekusanya ngapi, na zimenunua nini? Jibu la kwanza lilikuwa emoji ya mikono inayoomba. La pili: "Si kila kitu ni pesa prodyusa, wengine tuna moyo." La tatu sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeondolewa.

Sasa sikilizeni. Kwa tamasha lile waliazima kwangu kebo mbili na kisimamishi cha mikrofoni. Kwa kuwa hawarudishi, nilienda kuvifuata mwenyewe. Kijana wa zamu, mpole, hana makosa, akanifungulia stoo nyuma ya studio nijitafutie. Katoni za taulo za hedhi zilikuwa pale. Zimerundikwa ukutani, chini zimelowa na kuvimba, mojawapo imepasuka pakiti zinachungulia, na juu yake wameweka ngoma kubwa ya bendi ili isiguse sakafu. Ubavuni kuna karatasi ya duka lililotoa msaada na tarehe ya kabla ya tamasha. Picha za "tumekabidhi" zilikuwa kwenye kurasa zao zamani, watoto wa shule wakitabasamu, kila mmoja na pakiti moja mkononi.

Kando ya katoni imeegemezwa ile hundi kubwa ya kadibodi mliyopigia picha na mgeni wa heshima. Sehemu ya kiasi imefutwa kwa kitambaa, bado unaona kivuli cha sufuri. Jina la mpokeaji nalo limefutwa. Inangojea shule nyingine. Nilipiga picha. Sitaiweka hapa kwa sasa kwa sababu ya yule kijana wa zamu, watamrukia yeye badala ya kujibu.

NYONGEZA: Nimeona majibu ya kurasa mbili za kwanza.

Kwa anayesema "ni wanafunzi tu, wanajifunza, waonee huruma": wasanii nao ni wanafunzi, wengine wa chuo hicho hicho. Na kuandika nyimbo ulizocheza kwenye daftari si jambo la shahada ya uzamili.

Kwa anayesema nina uchungu kwa sababu wimbo wangu ulikatwa: ndiyo, nina uchungu wimbo ulikatwa. Sasa jibu kuhusu katoni.

Kwa dada aliyeuliza kama wasanii wasikubali kabisa kuimba kwenye hisani: hapana, dada yangu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowafagia watu Mathare, vijana wangu waliimba bure na hakuna aliyelalamika, kwa sababu unga na blanketi vilionekana vikishuka kwenye pikapiki na waliovipokea tuliwajua. Mtu akitaka kujitolea ajitolee. Ila kujitolea kukiwa ndiyo sharti la wimbo wako kusikika, hiyo ni ada, na ada ina risiti.

Kwa mlezi wa redio, najua umeshatumiwa uzi huu na zaidi ya mtu mmoja. Hatuhitaji mkutano wa chai na samosa. Toa taarifa ya M-Pesa ya nambari ile kwa miezi ya matamasha yenu, ibandike kwenye ubao wa matangazo nje ya studio, kila mtu aisome. Katoni zipelekwe Mukuru wiki hii, zile ambazo hazijaoza, bila kamera. Kitabu cha tiketi kisitajwe tena kwenye mazungumzo ya wimbo gani utachezwa. Na yule msichana arudishiwe 2,700 zake, kisha wimbo wake uchezwe wote, gitaa la mwanzo likiwemo, mtangazaji akiwa amefunga mdomo.

Kwa wengine mliopewa vitabu: andikeni hapa chini mliuza ngapi, mlifidia ngapi, na mlichezwa mara ngapi. Mkiweka picha za meseji za M-Pesa, ficheni nambari na majina ya watu, nyingi ni za mama zetu na wateja wetu. Nimesikia kuna waliofidia kitabu kizima bila wimbo kuchezwa hata mara moja, nataka niwasikie wao kwanza.

Na kisimamishi sikukipata stooni. Aliye nacho ana nambari yangu.