Utafiti wa dawa ya presha Busia: wanaojiandikisha ni wenye simu janja tu. Kina mama wa sokoni, wavuvi na wazee tuwafikieje?

Mwana_Majanji (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa walio karibu na kazi za afya.

Niko Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuwa kiungo kati ya wananchi na mradi mmoja wa utafiti wa dawa za presha. Wanalinganisha kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake na kumeza dawa hizo kila moja kidonge chake. Vibali vyote vipo, kamati ya maadili imepitisha na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wamepitisha.

Shida yetu ni watu. Wanaojiandikisha wote wamefanana: wana simu janja, wanasoma Kiingereza, wanafanya kazi ofisini au kwenye maduka ya barabara kuu. Lakini tunaowaona wakipooza upande mmoja ni wengine kabisa. Ni wauza mukene (dagaa), wavuvi wa mwalo wa Majanji ziwani, wabeba mizigo wa mpakani, madereva wa malori, wazee wa vijijini. Hao hawamo kwenye daftari letu, na dawa ikishapita ndio watakaoandikiwa.

Niwape mfano mmoja. Juzi alikuja mama muuza mukene, beseni kichwani, kapimwa na presha iko juu sana. Nesi akafungua programu ya mradi kwenye tableti, ikadai namba ya simu ili itume msimbo wa kuthibitisha. Namba aliyoitoa ni ya mwanawe anayeishi Jinja, kwa hiyo msimbo ukaenda Jinja. Fomu ya ridhaa tunayo ya Kiingereza na ya Kiganda. Yeye ni Msamia na sokoni anafanya biashara kwa Kiswahili. Akakaa kidogo, akatazama jua lilivyopanda, akajitwisha beseni lake akaenda zake.

Wakubwa wangu wanasema watu hawa ni "wagumu kufikiwa". Sikubaliani nao, maana huyo mama alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Kuna kikao wiki ijayo na nataka niingie na hoja za maana. Niseme nini?

Nesi_Tororo

Pole kwa kazi, ndugu. Hoja yako ya kwanza iko karibu na nyumbani. Utafiti wa SEARCH uliotoa matokeo mwaka 2019 ulifanyika katika jamii 32 za vijijini, mashariki na kusini magharibi mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Hawakumngoja mtu aje kliniki. Waliweka mahema kijijini, wakapima presha, sukari, malaria na VVU mahali pamoja, kisha wakawafuata nyumbani ambao hawakutokea. Presha ikiwekwa pamoja na vipimo vingine, hakuna jirani anayejua wewe umefuata nini pale. Jambo hilo ni kubwa kuliko wenye miradi wanavyodhani, maana huku kwetu hema la kipimo kimoja hupewa jina kabla halijasimama.

Halafu saa zenu. Mnafungua saa mbili asubuhi mnafunga saa kumi? Basi mmeshawafungia nje wauza samaki wote.

Kijana_wa_Malaba

Mimi nauliza tofauti. Kwa nini tuhangaike kuwatafutia watu wa kujaribia dawa zao? Bibi zetu walituambia habari za mumiani, wazungu wanaonyonya damu. Leo mnakuja na sindano na tableti mnataka mama wa sokoni atie dole gumba. Dawa ikishathibitishwa inauzwa Ulaya, sisi tunabaki na makovu ya sindano.

DktWaMoyo (Kampala)

@Kijana_wa_Malaba swali lako ni halali, na mtafiti asiyeweza kulijibu hafai kupewa kibali. Lakini kukaa nje ya utafiti kuna gharama yake, na tumekuwa tukiilipa.

Kwa miaka mingi dawa za moyo zilijaribiwa zaidi kwa wazungu, tena wanaume, tena wazee. Wagonjwa wetu si hao. Takwimu za utafiti wa THESUS-HF zilizotoka 2012 zilikusanya wagonjwa 1,006 ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Huyo ni mtu ambaye bado ana watoto shuleni.

Sasa presha yenyewe. Utafiti wa ALLHAT wa Marekani, 2002, ulikuwa na watu zaidi ya 33,000, na zaidi ya theluthi yao walikuwa weusi. Kwa kuwa walikuwa wengi, ikaonekana wazi kwamba kwao dawa ya presha ya lisinoprili ilishusha presha kidogo kuliko dawa ya kukojosha maji ya klorthalidoni, na viharusi vilikuwa vingi zaidi. Wangekuwa wachache jambo hilo lisingeonekana.

Kisha likaja swali letu wenyewe: dawa mbili zipi zianze pamoja kwa Mwafrika? Utafiti wa CREOLE ulijibu mwaka 2019. Walikuwa wagonjwa 728 kutoka nchi sita, nasi Uganda tulikuwamo pamoja na Kenya, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini. Dawa ya presha ya amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kukojosha maji, au na perindoprili (ndugu ya lisinoprili), ilishusha presha vizuri kuliko perindoprili na dawa ya kukojosha maji bila amlodipini. Amlodipini inapatikana hapa na si ya bei ya kutisha. Jibu hilo limetoka kwa watu wetu na linatumika kwa watu wetu.

Tahadhari moja tu. Msiingie kikaoni mkisema "damu ya mweusi ni tofauti". Mwaka 2005 Marekani waliidhinisha BiDil, dawa ya moyo ulioshindwa, kwa weusi peke yao, baada ya utafiti wa wagonjwa 1,050 waliojitambulisha kuwa weusi, na mabishano juu ya uamuzi ule hayajaisha. Rangi haituelezi mgonjwa anakula chumvi kiasi gani, ana kazi gani, figo zake zikoje. Kuchanganya watu kwenye utafiti maana yake ni pamoja na umri, jinsia, kipato, kijiji na mji, na maradhi mengine waliyonayo.

Kijana_wa_Malaba

Nimekuelewa daktari. Ila hao watafiti wawe wanarudi na majibu.

Mama_Halima

Hapo umegusa penyewe, mwanangu. Mimi niliwahi kuingia kwenye utafiti mmoja, sitautaja. Walitutoa damu, wakatupima, wakatupa sabuni na nauli. Siku ya mwisho wakasema asanteni. Mpaka leo sijui walichogundua wala damu yangu ilisema nini. Wakija wengine na fulana mpya nitawauliza hilo kwanza.

@Mwana_Majanji, mimi nauza nguo sokoni, nakwambia ninachokijua. Usiende sokoni siku ya soko. Siku hiyo kila mtu anatafuta pesa, hata ukimwambia presha imempanda atasema subiri niuze. Nenda siku iliyopoa, mchana baada ya saa nane. Na usianze na tangazo la kipaza sauti. Tafuta mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba. Tunakaa kila wiki, tunaweka pesa, tunaongea. Akikubali yeye, sisi thelathini tunakusikiliza tumekaa.

Nauli nayo mnapiga hesabu vibaya. Mnalipa nauli ya bodaboda, lakini mimi nikifunga meza nusu siku nimepoteza mauzo. Mwenye mshahara hapotezi kitu akija kwenu.

Fundi_Programu

Nitasema upande wa teknolojia, maana hapo naona kosa lisilo la lazima.

Programu inayodai msimbo kwa SMS inachagua watu kabla ya daktari kuwaona. Mwambie mtengenezaji aondoe sharti hilo. Mpe mshiriki kadi ya karatasi yenye namba yake ya utafiti, simu iwe hiari. Programu ifanye kazi bila intaneti na kutuma taarifa mtandao ukipatikana. Hapo Busia simu hudaka mtandao wa upande wa pili kila mara, mtu anakatwa hela za kutumia mtandao wa nje (roaming) bila kujua, kwa hiyo msimtegemee atume vipimo vyake kwa data yake.

Vikumbusho visiwe maandishi. Rekodini sauti kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili, simu impigie mtu, yeye apokee tu. Lakini kwanza muulize: simu hii nani mwingine anaishika? Kama ni ya mume au ya mtoto, ujumbe usitaje ugonjwa wala dawa, useme "tunakukumbusha miadi yako ya Jumanne". Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawabana kwenye hili, si hisani. Na mkilipa nauli kwa pesa ya simu, ongezeni ada ya kutolea.

Jingine ni vifaa. Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Je, mna mikanda ya saizi zote? Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni vilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa hiyo mkiletewa saa za mkononi au vifaa vya kubandika kifuani, ulizeni vimejaribiwa kwa ngozi gani kabla ya kuvisambaza.

VHT_Lumino

Naunga mkono Mama Halima. Sisi VHT, wahudumu wa afya wa kijiji, mnatuita siku ya kuzindua, tunapewa fulana, kisha mnatuacha. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mnamwendea kwa saini tu. Kaka, ombeni kuwe na kamati ya ushauri ya wananchi. Utafiti wa VVU nchini umekuwa na kamati kama hizo kwa miaka mingi, kwa hiyo wakubwa wako wasiseme ni jambo geni. Lakini iwe na meno. Isome fomu kabla haijachapwa, ione maswali kabla hayajaulizwa. Ndani yake awepo mvuvi, muuza sokoni, mtu wa msikitini, mtu wa kanisani, na mgonjwa mwenyewe.

Majanji nendeni mapema asubuhi, boti zikishatua na samaki wakishauzwa. Mvuvi akishalala hamumpati.

Mwana_Majanji

Asanteni sana, naandika yote. Kuna jambo lingine sikulitaja. Vigezo vyetu vinawatoa wenye VVU, wanawake wote wanaoweza kushika mimba, na kila aliyezidi miaka 65. Nikihesabu hivyo nimepoteza nusu ya kijiji kabla sijabisha hodi. Hilo linaweza kubadilishwa katikati ya safari?

DktWaMoyo

Linaweza. Mtafiti mkuu anaandika marekebisho ya itifaki, yaani mpango wa utafiti, yanarudi kwenye kamati ya maadili na NDA. Hata fomu ya Kiswahili lazima ipitie huko, kwa hiyo anzeni sasa.

Chukua kigezo kimoja kimoja uulize sababu yake. VVU: utafiti wa REPRIEVE wa 2023 ulikuwa na watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwamo, na ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya namna hiyo kwa asilimia 35. Kwa hiyo kuwatoa kwa mazoea si sawa. Kinachohitajika ni kuangalia kama dawa zao za ARV zinagongana na dawa ya utafiti. Umri: presha huongezeka uzeeni, kikomo cha 65 kinawaacha wenye hatari kubwa zaidi.

Mimba ni tofauti, hapo msilegeze ovyo. Kama mojawapo ya dawa zenu ni jamii ya perindoprili, inadhuru mtoto tumboni. Lakini anayetumia uzazi wa mpango wa kuaminika na kukubali kupimwa mimba anaweza kuingia, na aliyekwisha koma hedhi hana sababu ya kutolewa kabisa.

Na ukiambiwa watu wetu hawafuati masharti, taja Gulu. Watafiti waliwafuata watoto, wengi wao shuleni, wakawapima mioyo kwa eko (mashine ya picha ya moyo), zaidi ya 100,000. Waliohesabiwa kwenye matokeo ya utafiti ni 818 wenye dalili za mapema za ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye maumivu ya koo. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Sindano ile inauma kwelikweli. Watoto 799 walifika mwisho. Waliozidiwa ni 3 kwa waliodungwa na 33 kwa wasiodungwa. Matokeo yalitoka 2021 na yanasomwa dunia nzima.

Nesi_Tororo

Niongeze vinyozi. Los Angeles, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulitumia saluni 52 za kunyolea wanaume weusi. Mfamasia alikuwa anakuja pale pale kwenye kiti na kuandika dawa. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 27, wakati kwa waliopewa ushauri tu ilishuka kwa 9. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka hawana pa kwenda, na wengi hunyolewa hapo hapo. Mnaye nesi wa kukaa kwa kinyozi Jumamosi?

Mwana_Majanji

Nesi tunaye, na vinyozi nawafahamu. Dereva akipimwa Busia halafu yuko Juba wiki mbili, tutamfuatiliaje?

Fundi_Programu

Mpe mashine ya presha akae nayo kwenye lori, ya kuhifadhi vipimo ndani yake. Akirudi mpakani nesi anavisoma. Usimpe programu.

Mama_Halima

Na yule mama wa mukene mtafuteni kabla ya kikao chenu. Presha iko juu sana na hamkumpa hata karatasi ya kumpeleka kituo cha afya. Awe kwenye utafiti asiwe, dawa anaihitaji leo.

Mwana_Majanji

Kweli kabisa, mama. VHT wa upande wake ninaye kwenye simu, nampigia sasa hivi.